Albamu ya “72 Seasons” ya Metallica: ni ndefu mno, au mimi ndiye ninayeisikiliza vibaya?

Kijana wa Sanawari:

Wakuu, salaam kwenu nyote. Nimekuwa nikisoma jukwaa hili kimyakimya kwa muda mrefu, na leo nimejisajili kwa sababu ya jambo moja ambalo nimeshindwa kulimaliza peke yangu.

Tangu albamu mpya ya Metallica, ile bendi ya Marekani ya muziki mzito wa magitaa, iitwayo “72 Seasons”, ilipotoka tarehe 14 Aprili 2023, nimeisikiliza karibu kila siku, asubuhi ndani ya daladala nikielekea kazini na usiku nikiwa nimetulia chumbani, na kila mara linanipata lile lile. Wimbo wa kwanza, ambao ndio uliobeba jina la albamu, unaniamsha hata kama sijanywa chai. “Shadows Follow” unaingia nami bado ni imara. Nikifika kwenye “Lux Æterna”, ambao ni wa sita na una dakika 3 na sekunde 22 tu, natikisa kichwa mpaka abiria wa pembeni anajivuta dirishani. Baada ya hapo, kuanzia “Crown of Barbed Wire”, masikio yangu yanakuwa kama ya mtu aliyeshinda karibu na mashine ya kusaga: sauti inaingia, lakini hakuna kinachobaki. Mara mbili nimeshtuka “Room of Mirrors” ukiwa umekwisha nami sikumbuki ulianza saa ngapi.

Sisemi kwamba albamu ni mbaya. Bendi hii nimeipenda tangu kidato cha pili, kaka yangu aliporudi likizo na sidii ya kunakili yenye “Master of Puppets” upande wa juu imeandikwa kwa kalamu ya wino, na nilisubiri miaka zaidi ya sita tangu albamu iliyotangulia ya Novemba 2016. Ndiyo maana linaniuma. Mtu unapomsubiri mgeni muda wote huo, kisha akifika ukaanza kupiga miayo katikati ya mazungumzo, unajiuliza kama tatizo ni la mgeni au ni la mwenyeji.

Naomba basi mnijibu bila ushabiki. Je, dakika 77 kwa nyimbo 12 ni nyingi mno kwa muziki wa namna hii? Kama mngepewa mkasi, mngekata wapi? Au kuna namna ya kuisikiliza ambayo mimi sijaigundua?

Mkasi:

Mkuu, umeuliza mkasi na mkasi umeitika. Ningeondoa “Crown of Barbed Wire” na “Chasing Light” mzima mzima, kisha ningepunguza dakika mbili kwenye “You Must Burn!”, na hapo ingebaki albamu ya dakika zinazozidi 60 kidogo ambayo hakuna mtu angeilalamikia.

Gitaa Bovu (Nairobi):

Ndugu Kijana, masikio yako hayana kasoro yoyote, na ningependa kueleza kwa nini, kwa sababu jambo hili halikuanza na albamu hii.

Enzi za santuri, upande mmoja ulibeba dakika 20 na ushei, kwa hiyo bendi ililazimika kuchagua kinachobaki na kinachoachwa studio. “Master of Puppets” ya mwaka 1986 ina nyimbo 8 na haifiki dakika 55. Mwaka huo huo Slayer, bendi nyingine ya muziki huu, walitoa “Reign in Blood”, nyimbo 10 ndani ya dakika zisizofika 30, na sijawahi kumsikia mtu akidai arudishiwe chenji. Sidii ilipokuja na nafasi yake ya karibu dakika 80, Metallica walijifunza kuijaza kama mtu anayepakia gunia. “Load” ya mwaka 1996 ilifika dakika 78 na sekunde 59, na wimbo wake wa mwisho, “The Outlaw Torn”, ulibidi ukatwe mkia ili uenee kwenye diski. Ile ya 2016 nayo ilikuwa na nyimbo 12 na dakika 77, ila waliigawa kwenye diski mbili, na msikilizaji akapata sababu ya kuinuka na kunyoosha miguu. Safari hii yote imewekwa kwenye diski moja, mfululizo.

Lakini dakika ni dalili tu. Ugonjwa wenyewe ni kwamba hakuna tena wa kumfunga paka kengele. Mwaka 1990 na 1991, walipokuwa wakitengeneza ile albamu yenye jalada jeusi, walikuwa na mtayarishaji Bob Rock, ambaye aliwapinga, akagombana nao, akawarudisha nyuma kurekodi tena na tena, na ugomvi ule ulizaa nyimbo zilizosukwa barabara. Leo wanamiliki studio yao wenyewe kule San Rafael, California, wanamiliki lebo yao wenyewe, na mtayarishaji, Greg Fidelman, anagawana kazi hiyo ya utayarishaji na mwimbaji James Hetfield na mpiga ngoma Lars Ulrich wenyewe. Mpishi ni yeye, mwenye nyumba ni yeye, na anayeonja chumvi pia ni yeye. Katika hali hiyo, nani atasema kwamba “You Must Burn!” ungeweza kuisha kwenye dakika ya tano?

La pili ni solo za mpiga gitaa Kirk Hammett, yaani vile vipande ambavyo gitaa lake linatangulia mbele ya vyombo vingine. Mwenyewe amesema hadharani kwamba alipiga solo nyingi za papo kwa papo, kisha akawaachia Ulrich na Fidelman wachague za kutumia, na kwa maoni yangu jambo hilo linasikika wazi. Solo ya “Fade to Black” unaweza kuiimba kwa mdomo ukiwa bafuni, kwa sababu ina mwanzo, ina mahali inapokwenda, na ina mwisho. Za albamu hii nyingi zinaingia, zinakanyaga ile pedali ya mguu inayolifanya gitaa lilie kama paka wa usiku, kisha zinatoka, na ukiambiwa uziimbe huna pa kuanzia.

Nitakiri jambo moja ili nisionekane mchoyo. “Inamorata”, wimbo wa mwisho wenye dakika 11 na sekunde 10, ambao ndio mrefu kuliko wimbo wowote walioutunga, nisingeukata hata sekunde moja. Unaona ajabu hiyo? Mrefu kuliko wote, na ndio pekee usiochosha.

Fundi wa Temeke:

Mkuu wa Nairobi ameishia pale ambapo mimi ningependa kuanzia, kwa sababu swali la kwa nini wimbo wa dakika 11 hauchoshi na wa dakika 6 unachosha haliwezi kujibiwa kwa saa ya ukutani.

Kazi yangu ni kukodisha spika na kusimamia sauti kwenye harusi na mikutano, na wiki iliyopita, nikiwa stoo nasubiri gari la mizigo, niliipiga albamu hii yote kupitia mikisa yangu, mashine ya kuchanganyia sauti, nikiwa nimekaa mbele ya zile taa zinazoonyesha ukubwa wa sauti. Taa za kijani zilijaa, mbili za njano zikawaka, na zikakaa hapo hapo. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tano, wa nane, taa hazikushuka wala hazikupanda, isipokuwa sekunde chache za mianzo ya nyimbo. Ndipo ulipofika “Inamorata”, na katikati yake magitaa yakanyamaza, likabaki besi la Robert Trujillo na kisahani cha ngoma kikihesabu taratibu, na taa zikaporomoka mpaka zile za chini kabisa. Nilijikuta nimeinamia mbele kama mtu anayenong’onezwa. Magitaa yaliporudi yalionekana makubwa maradufu, ingawa kwa kipimo yalikuwa yale yale ya mwanzo.

Sikio, wakuu, halipimi sauti kama mizani ya sokoni, linapima kwa kulinganisha. Ukilipa kelele moja kwa saa nzima linaizoea, na likishaizoea linaacha kuisikia, ndiyo maana watu wanaokaa karibu na reli hulala usingizi wa pono treni ikipita. Kijana hajachoka kwa sababu ya wingi wa dakika, amechoka kwa sababu hakupewa kimya.

Sasa linganisheni na ile albamu ya jalada jeusi, ya mwaka 1991, ambayo nayo ina nyimbo 12 na inapita saa moja, na hamkuwahi kusikia mtu akilalamika kwamba anasinzia. Wa nne ni “The Unforgiven”, unaoanza kwa upole. Wa nane ni “Nothing Else Matters”, ambao bibi harusi wawili wameshaniomba niupige. Wa nane! Hapo hapo ambapo kijana wetu anaanza kuchoka kwenye albamu mpya, ile ya zamani inakukalisha, inakupa maji ya kunywa, ndipo inakuamsha tena na “Of Wolf and Man”. “72 Seasons” haina wimbo hata mmoja wa aina hiyo. Hakuna gitaa la nyuzi safi lisilokwaruza, hakuna wimbo wa polepole, ni mbio au mwendo wa kijeshi, basi.

Hata hivyo nisiwanyime haki yao, kwa sababu kama fundi nimefurahi kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba sauti yenyewe ni safi. Wenye umri wangu mnakumbuka masaibu ya bendi hii: mwaka 1988, kwenye “…And Justice for All”, besi la Jason Newsted lilizikwa kiasi kwamba ulihitaji kuambiwa lipo, mwaka 2003, kwenye “St. Anger”, ngoma ya sneya ililia kama sufuria inayogongwa na mtoto, na mwaka 2008, kwenye “Death Magnetic”, sauti ilibanwa mno ili isikike kubwa kuliko za wenzao, mpaka ikakwaruza yenyewe, na mashabiki wakagundua kwamba nyimbo zile zile zilizowekwa kwenye mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero zilikuwa safi kuliko za diski waliyoinunua. Hayo yote hayapo hapa. La pili ni besi. Sikilizeni mwanzo wa “Sleepwalk My Life Away”, pale Trujillo na Ulrich wanapotembea wawili peke yao kabla magitaa hayajaingia. Hiyo ndiyo sauti ya besi ninayoitafuta kwenye kila harusi na siipati, kwa sababu mwenye harusi anataka izidishwe mpaka vikombe vihame mezani.

Kijana, unatumia spika gani za masikioni kwenye daladala? Kama ni zile za elfu tatu za kituoni, nusu ya lawama ni za kwako.

Mwalimu wa Zamu (Mombasa):

Nimesoma michango yote kwa makini, na nashangaa kwamba mpaka sasa hakuna aliyegusa maneno, kana kwamba Hetfield anapiga miluzi tu.

Majira 72 ni miaka 18 ukizidisha kwa majira manne ya mwaka. Mwenyewe ameeleza kwamba ndiyo miaka 18 ya kwanza ya maisha, ile ambayo mtu anaambiwa yeye ni nani, na kisha anatumia umri uliobaki ama kuirudia ama kupambana nayo. Hesabu hiyo, kwa bahati nzuri, haituhitaji tuazime theluji ya mtu, kwa maana pwani nasi tunayo manne yetu: kiangazi cha kaskazi, masika, kipupwe na vuli. Nimewaeleza hivyo wanafunzi wangu wawili wa kidato cha nne waliokuwa wakibishana kuhusu jina la albamu, na mmoja wao akapiga hesabu na kuniambia kwamba yeye bado ana majira manne, maana amefikisha miaka 17. Alisema kwa utani, lakini nilikaa nalo siku nzima.

Ukijua ni miaka gani hasa inayozungumzwa, albamu inabadilika. Hetfield alilelewa katika madhehebu yanayoitwa Sayansi ya Kikristo, ambayo waumini wake huacha tiba za hospitali na kutegemea sala. Baba yake aliondoka nyumbani Hetfield akiwa na umri wa miaka 13. Mama yake alifariki kwa saratani, yeye akiwa na miaka 16. Mwaka 2019 alirudi katika kituo cha tiba ya ulevi, na bendi ikaahirisha ziara. Basi litazameni jalada: kitanda cha mtoto mchanga kilichoungua, cheusi tii, juu ya rangi ya manjano inayoumiza macho. Hilo si pambo.

Kwa hiyo Mkasi anapotaka kuondoa nyimbo za katikati kwa sababu zinafanana, na Fundi anapodai kimya, mimi nauliza: mtu anayesimulia utoto ambao haukumpa pumziko, kwa nini alazimike kutupumzisha sisi? “Screaming Suicide” unalipa wazo la kujiua sauti yake ili lisemwe kwa jina badala ya kufichwa. “If Darkness Had a Son” unazunguka neno moja la kishawishi mpaka likukere, kama linavyomkera aliyezoea chupa. “Room of Mirrors”, ambao Kijana hakumbuki ulianza saa ngapi, ni wa mtu aliyejivua kila kitu mbele ya vioo na kuuliza kama bado atapendwa. Halafu ndipo unakuja “Inamorata”, neno lenye asili ya Kiitaliano na maana ya mpenzi wa kike, na mpenzi anayeimbwa humo ni huzuni yenyewe, hawara ambaye mwimbaji anajua anamharibu na bado anamfuata. Sasa mnaelewa kwa nini wimbo huo unapoa katikati? Wawili hao wako faragha.

Ninakubali kwamba si kila ubeti umeandikwa kwa ustadi. Hetfield amependa mno vina vya mwisho wa neno safari hii, na mahali kadhaa maneno yameletwa kwa sababu ya mlio wake kuliko maana, kosa ambalo ningelitia kalamu nyekundu kwenye shairi la mwanafunzi. Lakini kuwaza kwamba bendi ya wanaume waliokuwa na miaka kama 60 walipoitoa imesahau kuweka wimbo wa polepole ni kuwadharau. Wanaijua njia hiyo kuliko sisi, na wameamua kutoipita.

Gitaa Bovu (Nairobi):

Mwalimu, hoja yako nimeipokea kwa heshima zote na imenifanya nirudie “Room of Mirrors” nikiwa na maneno mkononi. Naomba tu niseme kwamba mgonjwa akieleza maumivu yake kwa saa moja na robo, daktari anaweza kumhurumia kwa dhati na bado akatazama saa.

Mzee wa Santuri (Rotterdam):

Vijana wangu, salaam kutoka ughaibuni. Mimi ni mtu wa Tanga, ila nimekaa huku Uholanzi miaka mingi, na tarehe 27 na 29 Aprili 2023 nilikwenda Amsterdam kwenye maonyesho mawili yaliyofungua ziara yao. Walikuwa wamepanga kupiga usiku mbili katika kila mji bila kurudia wimbo hata mmoja, na jukwaa lilikuwa la duara kama pete, watazamaji wengine wakiwa ndani ya tundu la pete hiyo, na seti nne za ngoma zilitawanywa ili Ulrich ahame kutoka upande mmoja hadi mwingine. Magoti yangu yalinisuta siku tatu.

Jambo nililoliona huko linahusu swali lenu. Nyimbo mpya walizitawanya. Hawakuzipiga mfululizo, bali walizichomeka mojamoja, au kwa mbilimbili, katikati ya zile za miaka ya themanini na tisini, na “Sleepwalk My Life Away”, ambao nyumbani nilikuwa nimeupita bila kuugeukia, ulikuja usiku wa kwanza baada ya “Fade to Black” na ukatufagia. Ule mwendo wake wa kunesa, ambao Fundi ameusifu, ulihitaji tu kutanguliwa na kitu cha aina nyingine. Kwa hiyo ninamuunga mkono Fundi, lakini na Mwalimu sitagombana naye, kwa sababu aliyosema kuhusu maneno nilikuwa nayajua nusu tu.

Sasa Kijana, nikupe dawa ya kienyeji. Mimi nimeinunua kwenye santuri, ambazo ni mbili, yaani pande nne. Upande ukiisha sindano inakwaruza, nainuka, naigeuza, njiani napita jikoni naangalia chai. Zigawe nyimbo tatu tatu. Tatu za kwanza ni dakika 19 na ushei, tatu zinazofuata ni 17, kisha 19 tena, na tatu za mwisho ni 21. Hizo ni urefu wa pande za santuri za ujana wangu. Sikiliza fungu moja, zima, fanya jambo jingine, na fungu la pili lisikilize baadaye au hata kesho. Utagundua kwamba “Crown of Barbed Wire”, ukiusikia ukiwa wa kwanza na masikio yako ni mabichi, si wimbo ule uliokuwa ukiulaumu.

Na kuhusu “Inamorata”, mwasemaje kuhusu nyimbo za dansi tulizokulia? Wimbo ulianza kwa kuimba, taratibu, hadithi ikasimuliwa yote, kisha magitaa yakachukua usukani na watu wakainuka kucheza. Hakuna aliyelalamika kwamba ni mrefu, kwa sababu ulikuwa na vyumba viwili na mlango katikati. Hawa jamaa wameugeuza mpango huo: kelele kwanza, halafu mlango, halafu ubaridi, kisha wanarudi chumba cha kwanza. Nilipomsikilizisha mke wangu, ambaye muziki huu anauita “magari yanayogongana”, alisimama mlangoni pale besi lilipobaki peke yake akauliza, “Hawa nao wanajua kupiga?”

Kijana wa Sanawari:

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Fundi, ni kweli spika zangu ni za kituoni, ingawa ni za elfu tano.

Nimefuata dawa ya mzee kwa siku nne, fungu moja kila jioni, nikiazima hedifoni kubwa za rafiki yangu anayefanya kazi redioni. Siku ya kwanza sikuona tofauti, kwa sababu fungu hilo halikuwahi kunishinda. Siku ya pili niliisikia kwa mara ya kwanza sauti ya Trujillo akiitikia katika “You Must Burn!”, jambo ambalo kwenye daladala lilikuwa limemezwa na injini, na ninaomba radhi kwa Mkasi kwamba sikuona dakika mbili za kupunguza. Siku ya tatu ndiyo iliyonitia mashakani. “Crown of Barbed Wire” ulipanda daraja kama mzee alivyosema, ila “Chasing Light” niliurudia mara tatu kwa nia njema kabisa, na mara zote tatu rifu yake, ule mpigo wa gitaa unaojirudia, iliniacha pale pale iliponikuta.

Siku ya nne nilikuwa na karatasi yenye maneno kwa sababu ya Mwalimu. Nilipofika “Room of Mirrors” sikuweza kukaa, na yale magitaa mawili yanayoimba pamoja kuelekea mwisho nimeshangaa yalikuwa wapi wiki zote hizi. “Inamorata” niliusikiliza taa imezimwa. Umeme haukuwa umekatika, niliizima mwenyewe.

Jumapili nitajaribu kuzisikiliza zote 12 kwa mkupuo, kwa mpangilio wao, nikiwa na hedifoni hizi hizi kabla mwenyewe hajazidai, nione kama masikio yatalala tena kwenye wimbo wa saba.

Fundi wa Temeke:

Punguza sauti kidogo kabla ya kuanza, Kijana, na usiiguse tena mpaka mwisho. Ukiona mkono unataka kuiongeza, andika ni wimbo wa ngapi, uje utuambie hapa.

Mkasi:

“Chasing Light” bado ningeukata.